Mwaminifu, mtiifu, thabiti: 'faithful' na jamaa zake katika tafsiri

Mwanafunzi anayetafuta maana ya 'faithful' katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hukutana na 'mwaminifu'. Akitafuta 'loyal', hukutana na 'mwaminifu' tena, pengine likifuatiwa na 'mtiifu'. 'Steadfast' na 'constant' humpa 'thabiti' au 'imara', na 'staunch' aghalabu humrudisha alikoanzia. Katika sentensi nyingi hali hiyo haina madhara. Madhara huja pale ambapo mtu amekuwa mwaminifu kwa kukataa kutii, na historia ya Tabora ina kisa cha namna hiyo hasa.

Kilomita chache kutoka kata ya Kitete, mjini Tabora, kipo kijiji cha Kwihara, na hapo pana makumbusho ya tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Eneo lote hilo likiitwa Unyanyembe, na lilikuwa njia panda ya misafara: upande mmoja Ujiji, upande mwingine Bagamoyo. Misafara mingi ilifikia hapo, ikalipa watu wake na kuajiri wengine. Livingstone aliondoka Agosti mwaka huo, akafariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo nchini Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani.

Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe palepale, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Alikuwa ofisa, alikuwa Mwingereza, na ndiye aliyetumwa kwa ajili ya marehemu. Wapagazi wakakataa. Februari 1874 waliufikisha mwili Bagamoyo, baada ya safari ya takriban miezi tisa, na tarehe 18 Aprili ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza liliwatengenezea medali ya fedha yenye maneno 'Faithful to the End'.

Mfasiri atayasemaje maneno hayo? Akiandika 'watiifu hadi mwisho', atakuwa ameandika uongo wa kihistoria. Kutii ni kufuata amri au shauri la aliye juu, na Unyanyembe watu hao walifanya kinyume chake. Aliyekuwa bwana wao alikuwa amekwisha kufa. Aliyekuwa hai mwenye cheo aliwaambia waache. 'Mtumishi mtiifu' ni maneno yanayotoka kalamuni kwa wepesi kwa sababu ya mazoea ya barua za zamani za ofisini, lakini hapa yanafuta uamuzi wao wenyewe, yaani kile hasa kilichowafanya wakumbukwe.

'Waaminifu' linafaa zaidi, na sababu yake imo katika asili ya neno. Kiarabu kimetupa 'amini', 'imani', 'amana' na 'amini' ya sifa, kama katika 'Muhammad al-Amin'. Kiswahili kikaunda kwayo 'aminifu' kwa kiambishi chake chenyewe. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, nacho si chako. Mwaminifu basi si anayempenda bwana wake wala anayemtii, bali ambaye ukimwekea kitu utakikuta. Hata mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, ambako tafsiri za Kiswahili humwita mtumwa mwema 'mwaminifu', unahusu mali iliyokabidhiwa. Mwili uliobebwa kutoka Chitambo, pamoja na daftari za marehemu, ulikuwa amana kwa maana kamili ya neno.

Ukinzani wa maneno unathibitisha jambo hilo. Kinyume cha amana katika Kiarabu ni khiyana, na kutoka humo Kiswahili kina 'hiana', 'mhaini' na kitenzi 'hini', yaani kumnyima mtu haki yake. Kinyume cha utii ni uasi. Wapagazi wa Livingstone walikuwa na chembe ya uasi, wala hawakuwa na hiana. Kipimo hiki cha kinyume ni chepesi, nacho husaidia kuliko fasili ndefu: kabla ya kuchagua neno, mfasiri ajiulize mtu huyo angeitwa nani kama angeshindwa. Angeitwa mwasi, msaliti, mhaini, mtoro au kigeugeu? Jibu litaonyesha neno linalotakiwa.

Hata hivyo 'mwaminifu' lina mtego wake. Katika matumizi ya kila siku hukaribiana na ukweli: mhasibu mwaminifu haibi, shahidi mwaminifu hadanganyi. Baada ya kuondoka Unyanyembe, wenyeji wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wabebaji walifunga mabua mfano wa maiti, wakawatuma wenzao kuurudisha mzigo huo Unyanyembe kana kwamba unakwenda kuzikwa, kisha wakaufunga mwili wenyewe kama mtumba wa nguo na kuendelea na safari. Walidanganya ili waitimize amana. Kiingereza hakioni mgongano hapa, kwa kuwa 'faithful' na 'honest' ni maneno mawili. Katika Kiswahili msomaji atauona mgongano usipoelezwa uaminifu huo ulikuwa kwa nani: 'waaminifu kwa marehemu' au 'waaminifu kwa amana waliyoichukua'. Kihusishi 'kwa' hufanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa kubadilisha neno zima.

'Loyal' limetoka katika Kifaransa cha kale, na nyuma yake liko neno la Kilatini la sheria. Ndiyo maana hulazimisha kuwapo kwa mfalme, taifa, chama au kampuni. Ibara ya 68 ya Katiba ya Tanzania humtaka mbunge ale 'kiapo cha uaminifu'. Wakenya husikia zaidi 'kiapo cha utiifu'. Hakuna haja ya kuhukumu nani kapatia, ingawa tofauti yenyewe ni nzito: cha kwanza humwona mbunge kama aliyekabidhiwa kitu, cha pili kama aliye chini ya kitu. Mtafsiri wa nyaraka za serikali afuate matumizi ya nchi husika, asichanganye.

'Steadfast' ni la asili ya Kiingereza chenyewe, lenye picha ya kukaza mahali. 'Thabiti' linalitosha, japo mara nyingi kitenzi hushinda kivumishi: 'hawakuyumba', 'walisimama imara', 'walishikilia msimamo wao'. 'Steady' ni jambo jingine. Husema mwendo, si moyo, na mpagazi aliyebeba mzigo wa ratili sitini au sabini siku nenda siku rudi alikuwa 'steady' hata kama angetoroka kesho yake. 'Kwa mwendo usiobadilika' ni maneno marefu, lakini ni sahihi. 'Kwa uthabiti' hapo hupotosha.

Kuhusu 'staunch', Kiswahili kimejitajirisha chenyewe. Chama kina wakereketwa na wafuasi kindakindaki. Simba na Yanga wana mashabiki lialia. Maneno haya yana joto na kelele, nayo hufaa habari za siasa na michezo. Kuwaita Chuma na Susi 'wakereketwa' kungekuwa kichekesho.

Linabaki 'to the End'. 'Hadi mwisho' huacha shaka: mwisho wa uhai wa Livingstone, au mwisho wa safari? Kama ni uhai, medali ingekuwa inasifu utumishi wa kawaida, kwa kuwa kazi ngumu ilianza baada ya mauti. Muktadha unadai mwisho wa safari, na 'waaminifu hadi tamati ya safari' husema hivyo, ingawa hupoteza ufupi wa chuma kilichochongwa. Mwenye nafasi ya maelezo aandike 'waaminifu hadi mwisho' na kuufafanua mwisho huo kando. Asiye na nafasi aweza kuandika 'walioitimiza amana', maneno mawili yasiyomtaja bwana wala mtumishi.