VPN katika Rauta ya Nyumbani: Kulinda Orodha ya Wanachama

Tangu ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, kazi nyingi za chama zimehamia nyumbani. Katibu wa tawi hupokea fomu za wanachama wapya jioni akiwa sebuleni kwake. Mweka hazina hulinganisha makato ya ada usiku. Mjumbe wa kamati huandika malalamiko ya mwenzake aliyeachishwa kazi na kuyapeleka makao makuu kabla ya kulala. Yote hayo hupita katika kijisanduku kimoja chenye taa ndogo ndogo, yaani rauta ya intaneti. Aghalabu kijisanduku hicho kiliwekwa na fundi wa kampuni ya intaneti, na tangu siku ile hakuna aliyekigusa isipokuwa kukizima na kukiwasha.

Makala haya yanaeleza VPN ni kitu gani, jinsi ya kuiweka katika rauta ya nyumbani, na mambo ambayo VPN haiwezi kuyafanya. Yameandikwa kwa ajili ya viongozi wa matawi na wanachama wa kawaida. Si lazima msomaji awe fundi.

Kwa nini jambo hili ni la chama

Mtu aweza kuuliza: orodha ya wanachama ina siri gani? Na atazame yaliyotokea Uingereza. Mwaka 2009 maofisa wa serikali wanaosimamia ulinzi wa habari za watu walipekua ofisi ya shirika moja lililoitwa The Consulting Association. Humo walikuta majina ya wafanyakazi wa ujenzi 3,213, pamoja na habari za siasa zao na shughuli zao katika vyama vya wafanyakazi. Makampuni zaidi ya 40 yalikuwa yakiitumia orodha hiyo kabla ya kuajiri mtu. Wengi walikosa kazi kwa miaka bila kujua sababu. Mwaka 2016 baadhi ya makampuni makubwa yalikubali kulipa fidia.

Habari zile ziliandikwa kwenye kadi, na kuzikusanya kulichukua miaka mingi. Leo majina ya tawi zima, namba zao za simu na mahali wanapofanya kazi, huingia katika faili moja, na faili hiyo husafiri kwa nukta chache tu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, Ibara ya 40, inampa mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho; na Ibara ya 27 inalinda faragha ya nyumba yake na mawasiliano yake. Haki hizi mbili huenda pamoja. Mwanachama aliyetukabidhi jina lake ametukabidhi na riziki yake.

VPN ni nini

Tufikiri juu ya barua. Siku hizi tovuti nyingi zinazojulikana hufunga barua zao zenyewe kwa ufunguo, hata anayezibeba njiani asiweze kuzisoma. Lakini anwani iliyo juu ya bahasha huonekana. Kampuni ya intaneti huona kwamba nyumba fulani, saa fulani, imewasiliana na seva fulani. Na zipo bado barua nyingine, hasa za mitambo ya zamani ya ofisini, ambazo husafiri bila bahasha kabisa.

VPN huichukua barua hiyo pamoja na bahasha yake na kuitia ndani ya mfuko mwingine uliofungwa, ambao juu yake pameandikwa anwani moja tu: ile ya seva ya VPN. Njiani hakuna aonaye zaidi ya hapo. Mfuko ukifika kwenye seva hufunguliwa, na barua huendelea na safari yake. Yafaa kukumbuka jambo hili tangu mwanzo: anayeufungua mfuko huona anwani zote. Kwa hiyo VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu; inabadilisha tu mtu wa kuaminiwa, kutoka kampuni ya intaneti kwenda kwa mwenye seva. Swali la kwanza, basi, ni hili: seva ni ya nani?

Rauta au simu moja moja?

VPN yaweza kuwekwa katika simu au kompyuta moja. Ikiwekwa katika rauta, kila chombo kinachotumia intaneti ya nyumba hiyo hupita humo, hata kile kisichokubali programu hiyo, mathalani printa. Wala hakuna haja ya kukumbuka kuiwasha kila siku.

Lakini kuna gharama. Rauta za bei nafuu zina akili ndogo, na kazi ya kufunga na kufungua mifuko ni nzito. Watoto watalalamika kwamba video zinakwama. Tena, vile visanduku vidogo vya mfukoni vinavyotumia laini ya simu kwa kawaida havina nafasi ya VPN ndani yake. Aliye na kisanduku cha namna hiyo, au aliye na kompyuta moja tu ya kazi, na aweke VPN katika kompyuta yake. Hajapungukiwa na kitu.

Kwanza, funga mlango

Mwezi Mei 2018 iligunduliwa programu haribifu iliyopewa jina la VPNFilter. Ilikuwa imekwisha kuingia katika rauta na vyombo vinavyofanana nazo zaidi ya 500,000, katika nchi zisizopungua 54, na iliweza kusikiliza yanayopita. Iliingia kwa wale ambao programu za rauta zao zilikuwa za zamani zenye nyufa, au ambao waliacha neno la siri lililotoka kiwandani. Kuweka VPN katika rauta ya namna hiyo ni kununua kufuli zuri na kulitia katika mlango uliooza.

Kwa ajili hiyo, kabla ya yote fanya haya:

1. Ukiwa nyumbani, fungua ukurasa wa rauta katika kompyuta kwa kuandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anwani yenyewe aghalabu imeandikwa chini ya kisanduku.
2. Badili neno la siri la msimamizi. Hili si lile la kuingilia Wi-Fi. Ni lile la kuingia katika mipango ya rauta.
3. Chagua ulinzi wa WPA2 au, ikiwa upo, WPA3. Ukikuta WEP, iache mara moja. Ilikwisha kuvunjwa zamani.
4. Zima WPS, na zima ruhusa ya kuisimamia rauta kutoka nje.
5. Sasisha programu ya ndani ya rauta. Kama kiwanda kimekwisha kuacha kutoa programu mpya za rauta hiyo, tafuta nyingine.

Njia mbili, na kizuizi cha anwani

Kuna VPN za namna mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza, rauta ya nyumbani huwa seva, ili mwenye nyumba akiwa safarini aweze kuingia nyumbani kwake. Ya pili, rauta huwa mteja: inatoka na kwenda kwenye seva iliyo mahali pengine, mathalani ofisi ya chama.

Njia ya kwanza hushindikana kwa watu wengi wa kwetu, nao hudhani wamekosea. Sababu yenyewe ni hii. Makampuni ya intaneti, hasa ya laini za simu, hayana anwani za kutosha kumpa kila mteja yake. Wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wa nyumba moja wenye sanduku moja la posta. Kutoka unaweza, lakini mgeni kutoka nje hajui mlango wako ni upi. Ili kuhakikisha, tazama katika rauta anwani iliyopewa na kampuni. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya wengi.

Kwa hiyo njia inayofaa tawi ni ya pili. Seva iwe ofisini, penye anwani ya hadharani iliyoombwa kwa kampuni ya intaneti, na rauta za nyumbani ziwe wateja.

Hatua za kuweka

Leo mtindo ulio mwepesi zaidi kwa rauta ndogo ni WireGuard, ulioingizwa katika kiini cha Linux mwezi Machi 2020. OpenVPN, ulioanza mwaka 2001, bado ni mzuri ila ni mzito zaidi. PPTP ni wa zamani na umekwisha kuvunjwa. Usiutumie hata kama rauta inauonyesha wa kwanza.

Hatua ya 1. Tazama kama rauta ina sehemu ya mteja wa VPN. Kukuta tu maandishi ya kuruhusu VPN kupita hakutoshi. Hiyo ni ruhusa kwa kompyuta zilizo ndani, si VPN ya rauta yenyewe. Kama haina, huenda ikakubali programu huria ya OpenWrt. Lakini hakikisha aina na toleo la rauta yako vimo katika orodha yao, kwani kosa moja laweza kuiua rauta. Kama rauta ni mali ya kampuni ya intaneti, usiiguse. Nunua yako na uiweke nyuma ya ile.

Hatua ya 2. Badili namba za ndani za nyumba. Kama nyumbani ni 192.168.1 na ofisini pia ni 192.168.1, rauta haitajua kompyuta unayoitaka ipo upande gani. Chagua namba isiyotumiwa sana, kama 192.168.57.

Hatua ya 3. Tengeneza funguo mbili ndani ya rauta. Ufunguo wa siri hautoki humo kamwe. Ule wa hadharani mpelekee fundi wa ofisi, naye atakupa wa seva. Kila nyumba iwe na jozi yake. Rauta ikiibwa au kiongozi akiacha madaraka, ufunguo wake mmoja unafutwa na wengine hawasumbuliwi.

Hatua ya 4. Jaza anwani ya seva na namba ya mlango, ambayo kwa kawaida ya WireGuard ni 51820. Kisha jaza ni safari zipi zipite katika VPN. Ukiandika 0.0.0.0/0, kila kitu cha nyumba kitapitia ofisini, na bando la ofisi ndilo litakaloumia. Ukiandika namba za ndani za ofisi peke yake, kazi za chama zitapita kwa siri, na video za watoto zitakwenda njia yao ya kawaida. Kwa matawi mengi hili la pili ndilo la busara. Kwa kuwa uko nyuma ya anwani ya wengi, weka pia alama ya kuishikilia njia isifungwe. Sekunde 25 zinatosha.

Hatua ya 5. Tazama saa ya rauta. Rauta nyingi hazina betri, hivyo umeme ukikatika saa hurudi nyuma. WireGuard ikiona salamu yenye saa ya nyuma kuliko ile ya mwisho, huikataa. OpenVPN nayo huweza kukataa cheti. Ruhusu rauta iulize saa sahihi nje ya VPN, ama sivyo saa itaingoja VPN, na VPN itaingoja saa.

Hatua ya 6. Jaribu. Fungua faili la ofisini, lifunguke. Kisha zima VPN, ujaribu tena. Likifunguka hata sasa, basi ofisi iko wazi kwa ulimwengu mzima, na kazi ya kwanza ni kuufunga mlango wa ofisi.

Yale ambayo VPN haiwezi

VPN hailindi kompyuta iliyo na virusi. Haikufichi kwa mwajiri ikiwa kompyuta ni yake na ameweka humo programu ya kutazama. Kazi za chama zisifanywe katika chombo cha mwajiri, iwe VPN ipo au haipo. Wala haipiti pasipo na barabara. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya Uganda ilizimwa kwa siku kadhaa, na siku hizo VPN zote zilinyamaza. Kila tawi liwe na namba za simu za wajumbe wake kwenye karatasi, mahali palipofungwa.

Jihadhari pia na VPN za bure. Onavo Protect ilitangazwa kuwa ni ulinzi wa mtumiaji. Mwenye Onavo tangu mwaka 2013 alikuwa Facebook, na programu hiyo ilikusanya habari za programu gani watu wanazitumia katika simu zao. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018, na mwaka 2019 ikafungwa. Watu walikuwa wameukabidhi mfuko kwa mtu bila kuuliza ni nani.

Sheria

Hapa Uganda watu wengi walilijua neno VPN tarehe 1 Julai 2018, ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Wengi walitumia VPN kuikwepa. Mwaka 2021 kodi ile iliondolewa na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwa data. Tanzania nayo, mwezi Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano TCRA ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kutoa taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Madereva na wenzetu wengine wanaovuka mpaka na simu zenye VPN ya chama wasidhani kwamba sheria ni moja pande zote.

Haja ya chama si kumkwepa mtu bali kulinda amana. Kwa hiyo lifanyeni jambo hili kwa utaratibu: kamati ya tawi iamue, iandike katika kumbukumbu za mkutano nani anayesimamia seva, nani wana funguo, na ni lini funguo zitakaguliwa. Wakili wa chama aulizwe kabla ya kuanza. Katibu anapomkabidhi mwenziwe ofisi, pamoja na muhuri na daftari la ada, amkabidhi na orodha ya funguo, na ufunguo wake mwenyewe ufutwe siku hiyo hiyo.