MAKUMBUSHO YA RELI YA NAIROBI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI WA TARIME NA SERENGETI

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hazijapata kupitiwa na njia ya reli. Kwa miaka mingi msafiri wa huko alitegemea miguu yake, basi, pantoni ya Kirumi kabla ya daraja la Mto Mara kujengwa, na meli za bandari ya Musoma. Hata hivyo, wakaazi wa wilaya hizo wanayo sehemu yao katika historia ya reli. Kuanzia mwaka 1948 meli za Ziwa Victoria zilizotia nanga Musoma na garimoshi lililopakia abiria Kisumu vilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Shirika hilo ndilo lililofungua Makumbusho ya Reli mjini Nairobi mwaka 1971. Maelezo haya yanatolewa ili anayekusudia kuyazuru ajue anakwenda kuona nini, na kwa nini inafaa kuona.

MJI ULIOZALIWA NA RELI

Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896. Mwezi Mei 1899 njia ilifika katika uwanda wenye majimaji ambako kilijengwa kituo cha kuwekea vifaa, na kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Nairobi. Tarehe 20 Disemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na takriban 2,500 kati yao walipoteza maisha. Ifahamike kuwa usafiri huo haukuwa sawa kwa wote. Madaraja ya mabehewa yalitenga watu kwa fedha, na kwa desturi ya ukoloni yaliwatenga pia kwa rangi.

YALIYOMO

Makumbusho yako karibu na stesheni kuu ya Nairobi. Ndani ya jengo zimewekwa picha za zamani, vyombo vya mezani vya mabehewa ya chakula, na vifaa vya kazi vya watumishi wa reli. Nje, juu ya reli zenyewe, zimesimama injini za mvuke na mabehewa.

Kitu kinachovuta wageni wengi ni behewa Nambari 12. Mwezi Juni 1900, katika stesheni ya Kima, ofisa wa polisi wa reli aitwaye Charles Ryall alikaa ndani ya behewa hilo usiku ili amvizie simba aliyekuwa akiua watu. Usingizi ulimchukua. Simba aliingia, akamkamata na kutoka naye kwa dirishani. Mkaazi wa Serengeti, ambaye simba ni jirani yake, hatahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kubwa kuliko vyote ni injini za daraja la 59, za aina iitwayo Garratt. Injini hizo 34 zilitengenezwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa takriban tani 250. Hapakuwa na injini za mvuke kubwa kuliko hizo duniani kote katika reli za upana wa mita moja. Siri ya nguvu yake ni kwamba tangi la kuchemshia maji limebebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, moja mbele na nyingine nyuma. Kila seti hugeuka peke yake, hivyo injini ndefu huweza kupita penye kona kali za milimani bila ya kuacha njia.

Injini hizo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Mbili zilizohifadhiwa hapo ni Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania: Gelai uko karibu na Ziwa Natron, na Shengena uko Upare. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mali ziligawanywa, na injini hizo zikabaki Kenya na majina yao ya Tanzania.

FUNDISHO LAKE

Vitu hivyo vipo hadi leo kwa sababu palitokea watu waliovitenga kabla havijauzwa kuwa vyuma chakavu. Huko Unguja mambo hayakwenda hivyo. Reli ya kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu ilianza mwaka 1905 na haikutimiza miaka 30. Reli ziling'olewa, na kijana wa leo hupita njia hiyo bila ya kujua kuwa garimoshi lilipita hapo.

Tarime na Serengeti nazo zimo katika khatari hiyo. Waliovuka kwa pantoni ya Kirumi wakiwa vijana ni wazee sasa, na kila anayefariki huondoka na khabari zake.

USHAURI

Watumishi na wakaazi wanashauriwa yafuatayo:

(a) Anayesafiri kupitia Sirari awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria kutoka Idara ya Uhamiaji, na aipate kabla ya siku ya safari.

(b) Walimu wanaopeleka wanafunzi wawasiliane na makumbusho mapema kuhusu saa za kufungua na viingilio, kwani hubadilika.

(c) Ofisi zenye mabuku ya tiketi, ratiba, picha au vifaa vya zamani vya usafiri zisivitupe wala kuviuza kabla ya kuomba ushauri wa Makumbusho ya Taifa.

(d) Skuli ziwaandikishe wazee khabari za safari zao, pamoja na majina ya mahali na nauli walizolipa.

Kazi hii ya mwisho haihitaji bajeti. Yahitaji daftari, kalamu, na kijana aliye tayari kusikiliza wakati mzee angali hai.