Majengo ya Mbao Yaliyovunja Rekodi

Taji la jengo refu zaidi la mbao duniani lilitua Milwaukee, Marekani, mwaka 2022, Ascent lilipokamilika: ghorofa 25, mita 86.6. Wapenzi wa mbao walishangilia, ingawa ghorofa zake za chini na kuta za lifti ni za zege. Mimi navutiwa zaidi na jengo lililovuliwa taji hilo, Mjøstårnet la Norway, lenye mita 85.4. Nguzo zake ni za mbao zilizounganishwa kwa gundi, hata kuta za lifti ni mbao. Zege liliwekwa kwenye sakafu za ghorofa saba za juu tu, ili jengo lipate uzito lisiyumbishwe na upepo.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, na mawe yenyewe, mbali na moshi wa tanuri, hutoa hewa ukaa. Takriban asilimia 8 ya hewa hiyo inayotokana na shughuli za binadamu hutoka kwenye saruji. Mti hufanya kinyume chake: hunyonya hewa ukaa unapokua, na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni. Mita moja ya ujazo huhifadhi takriban tani moja ya hewa ukaa, mradi mbao zisioze wala kuungua.

Ndiyo maana rekodi ninayoiheshimu kuliko zote si ya urefu. Ni ya hekalu la Hōryū-ji, karibu na Nara, Japani, lenye majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyosalia duniani. Mnara wake wa paa tano una mita 32 tu. Lakini wataalamu waliosoma pete za mti katika nguzo yake ya kati walibaini kwamba ulikatwa mwaka 594. Kaboni ya mti huo imefungiwa humo kwa zaidi ya miaka 1,400, kwa sababu mafundi wa kila kizazi waliondoa kipande kilichooza na kupachika kipya. China nayo ina mnara wa Yingxian wa mwaka 1056, wenye mita 67.

Kwetu, shamba la miti kubwa kuliko yote la serikali ya Tanzania ni Sao Hill, Mufindi, lenye mipaina na mikaratusi. Mbao nyingi mitaani hutumika kumwagia zege, kisha huishia kuwa kuni, na kaboni yote hurudi hewani. Ukijenga, nunua mbao za miti ya kupandwa, zilizotiwa dawa, uziweke kwenye kenchi, dari na sakafu, mahali zitakapodumu. Boriti za mikoko ziache baharini.