Rolkeji Si Urembo: Soma Hii Kabla Fundi wa Nax Hajawasha Welding

Kama umewahi kusimama Soysambu ama Sleeping Warrior siku ya Safari Rally, unaijua hiyo story. Ndai inakuja mbio, inagonga jiwe, inabiringika mara mbili tatu. Watu wote wananyamaza. Vumbi inatulia, halafu dereva anatoka akijipangusa, anaanza hata kutafuta kioo chake cha pembeni. Umati unapiga nduru.

Kilichomtoa hapo akiwa mzima si maombi ya mashabiki peke yake. Ni rolkeji, ile fremu ya paipu za chuma iliyo ndani ya gari. Bodi ikikunjwa kama kopo la soda, keji inabaki na nafasi ya mtu kuishi.

Tangu WRC irudi Kenya 2021 na mbio zikapita hapa kwetu Naivasha, Gilgil na Elmenteita, wasee wengi wa Nax wameshikwa na homa. Kila mtaa una kijana mwenye Starlet, Corolla ama Subaru mzee anayesema mwaka ujao ataingia mashindano ya klabu. Na kila mtaa una fundi wa geti anayesema, "Hiyo keji? Leta tu paipu, jioni utapata."

Hapo ndipo shida inaanza.

Boy wangu mmoja alifanya hivyo. Fundi akamtengenezea keji safi kwa macho, rangi nyekundu, picha zikaenda status. Alipopeleka gari kukaguliwa, mkaguzi hakuangalia rangi. Aligonga paipu, akatoa vania akapima, akauliza, "Karatasi ya hii chuma iko wapi?" Boy akatoa risiti ya hardware. Mkaguzi akamrudishia polepole, kama mtu anayerudisha noti feki. Hakushiriki. Pesa ya miezi sita ilienda hivyo.

Sasa nisikize, ndio yako isiende hivyo.

Kwanza, sheria ni za nani?

Mbio za magari Kenya zinasimamiwa na KMSF, na KMSF iko chini ya FIA, shirika la dunia. Sheria za keji ziko kwenye kitabu cha FIA kinachoitwa Appendix J, kifungu cha 253. Kinapatikana bure kwa mtandao, na kina michoro. Mimi chuo niliacha katikati na hesabu si rafiki yangu, lakini hata mimi nilielewa ile michoro.

Lakini usiishie hapo. Kila daraja la mashindano linaweza kuwa na masharti yake, kwa hivyo enda KMSF ama klabu yako uulize kuhusu gari yako hasa. Uliza kabla ya kununua paipu. Swali ni bure, paipu si bure.

Paipu ya maji ni ya maji

Hii ndiyo kosa namba moja. FIA inataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, chenye nguvu ya kuvutwa isiyopungua newtoni 350 kwa kila milimita mraba. Upinde mkuu, ule unaopita nyuma ya viti kutoka sakafu hadi paa na kushuka tena, uwe angalau milimita 45 kwa unene wa ukuta wa 2.5, ama 50 kwa 2.0. Paipu nyingine nyingi zinaweza kuwa 38 kwa 2.5, ama 40 kwa 2.0.

Paipu ya maji ya inchi moja na nusu ina upana wa nje wa karibu milimita 48, kwa hivyo kwa macho inafanana kabisa. Lakini ya kawaida imekunjwa kutoka kwa bati nene, ikashonwa kwa moto kando. Huo mshono unaweza kupasuka ukiikunja, ama siku gari imelala juu ya paa. Na ile iliyopakwa zinki ikichomwa inatoa moshi wenye sumu, muulize fundi yeyote aliyewahi kulala na homa baada ya kuichomelea.

Halafu cheki hii. Mita moja ya paipu halali ya 45 kwa 2.5 ina uzito wa karibu kilo 2.6. Ile ya maji yenye ukuta wa milimita 3.2 ni karibu kilo 3.6. Yaani umebeba mzigo zaidi, na bado huna usalama wa kuaminika. Uzito si nguvu, buda.

Dai karatasi ya kiwandani inayosema chuma ni gani. Muuzaji akikuambia "hii ni strong, niamini," toka hapo.

Mchanga na moto, hapana

Mafundi wetu wana ujanja wa miaka mingi: jaza paipu mchanga, pasha moto mpaka iwe nyekundu, kunja. Kwa kiti cha bustani ni fiti. Kwa keji imekataliwa. Sheria inataka ikunjwe baridi, kwa mashine, na kona isiwe kali: nusu-kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya upana wa paipu. Kwa paipu ya 45, hiyo ni milimita 135.

Paipu pia isibonyee kwenye kona. Pima upana mdogo, gawanya kwa upana mkubwa. Ukipata 0.9 kwenda juu, uko sawa. Kwa mfano 43 kwa 46 ni 0.93, inapita. 40 kwa 46 ni 0.87, hiyo itupe. Mashine nyingi za kukunja egzosi zinabonyeza paipu, kwa hivyo pima kila kona kabla haijachomelewa.

Miguu ya keji

Wengi wanaangalia juu, ajali inaangalia chini. Keji yenye miguu mibovu itatoboa sakafu kama kisigino kwenye matope. Na gari nyingi tunazonunua zimeshaliwa na kutu chini ya kapeti, so anza kwa kung'oa kapeti ucheki.

Kila mguu wa upinde mkuu unakaa juu ya pleti ya chuma yenye unene wa angalau milimita 3 na eneo la sentimita mraba 120. Hiyo ni kama kipande cha sentimita 12 kwa 10. Pleti inachomelewa kwa bodi. Mguu unafungwa kwa bolti zisizopungua tatu za M8. Zile paipu mbili zinazoteremka nyuma zinahitaji angalau bolti mbili kila moja, na pleti ya sentimita mraba 60.

Bolti ziwe daraja la 8.8. Namba imegongwa kichwani. Ukiona kichwa kitupu, hiyo ni ya kufungia kitanda.

Welding

Kila kiungo kichomwe mzunguko mzima, na moto uingie ndani kabisa, ikiwezekana kwa mashine ya gesi. Shida iko juu karibu na paa, mahali mkono hauingii. Fundi mvivu anachoma upande unaoonekana, halafu anapaka rangi. Wewe ingiza kioo kidogo ucheki huko nyuma kabla ya rangi. Akikasirika, acha akasirike. Na wazee wa matatu mtanisamehe, kuipaka kromu imekatazwa.

Keji ya nusu pia haisaidii. Zile paipu za kukatiza kwa msalaba nyuma ya viti na za mlangoni ndizo zinazuia boksi kulala upande. Ukiziacha ndio upate nafasi ya spika, umejenga rafu ya vitabu.

Na sasa sikiza hii vizuri

Kuna mtindo wa kuweka keji kwa ndai ya kawaida ya kwenda Nairobi na kurudi, kisa luku. Tafadhali usifanye. Keji imetengenezwa kwa mtu aliyevaa helmeti, aliyefungwa kwa mikanda ya mbio kwenye kiti kisichosonga. Bila hizo, umeweka vyuma sentimita chache kutoka kwa kichwa chako kitupu. Ajali ndogo pale Gilgil, ambayo ungetoka nayo na uvimbe tu, inaweza kukuua.

Hata kwa gari ya mbio, mahali helmeti inaweza kugonga paipu lazima pawe na padi maalum ya FIA, kiwango cha 8857-2001. Sponji ya godoro si padi, inabonyea mara moja na kichwa kinakutana na chuma.

So mpango ni huu: ongea na KMSF, chagua gari isiyo na kutu, tafuta chuma chenye karatasi, tafuta fundi aliyewahi kujenga keji ikapita ukaguzi, na umuite mkaguzi aone kabla ya rangi. Kama doh haijatosha, ngoja mwaka mmoja. Ralli iko hapa tangu 1953, haitoroki.

Boy wangu alikata ile keji yake nyekundu. Sai ni banda la kuku kwao Bahati, na ni banda kali, hata upepo haulisumbui. Mwenyewe anacheka akilionyesha. Lakini aliniambia kitu: afadhali mkaguzi aliikataa mchana, kuliko jiwe la Elmenteita liikatae yeye akiwa ndani.