Nyumba Moja, Wadai Wawili

Hapana jambo limfurahishalo kijana mwenye kutaka kuoa kama kupata nyumba yake mwenyewe. Basi akisikia kwamba mjini Kasulu au Kibondo iko nyumba inayouzwa rahisi, kwa sababu mwenyewe amezidiwa na madeni, moyo humwenda mbio. Lakini kabla hajatoa fedha zake yampasa aulize: Nyumba hii imewekwa rehani kwa wangapi?

Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, yaruhusu mali moja kuwekwa rehani zaidi ya mara moja. Aliyesajiliwa kwanza hulipwa kwanza. Wa pili hungoja masalio. Habari hizo huulizwa kwa Msajili wa Hati. Na ikiwa nyumba iko kijijini, kama kule Kitahana, kwenye ardhi ya hakimiliki ya kimila, iulizwe pia halmashauri ya kijiji.

Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 20. Benki yadai milioni 18, na chama cha akiba na mikopo chadai milioni 6. Deni lote ni milioni 24, nayo nyumba haitoshi. Ikiuzwa kwa mapatano kwa milioni 20, benki italipwa yote na chama kitapata milioni 2. Lakini benki ikiipeleka mnadani ikapata milioni 17 tu, chama hakitaambulia kitu.

Hesabu hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi. Amwendee mdai wa pili pamoja na mwenye nyumba, wakichukua maandishi ya benki yaonyeshayo deni lililobaki, na makadirio ya thamani ya nyumba. Waseme naye kwa adabu, pasipo vitisho, kwani sheria haimlazimishi kukubali pungufu ya haki yake. Asiporidhia, rehani yake yabaki juu ya nyumba, naye mnunuzi atakuwa amenunua nyumba na mzigo wake.

Akikubali, yaandikwe mambo matatu: atapokea kiasi gani, siku gani, na kwamba ataifuta rehani yake. Tena liulizwe swali ambalo wengi hulisahau: zile milioni 4 zilizobaki zimesamehewa, au zingali deni la muuzaji? Kuiachilia nyumba si kusamehe deni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Fedha zisipitie mkononi mwa muuzaji. Kila mdai alipwe moja kwa moja, atie sahihi hati ya kufuta rehani, nayo isajiliwe. Pia, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Basi mke wa muuzaji aulizwe naye.

Kwa mdai Mwislamu liko neno jingine. Sura ya Al-Baqara, baada ya kukataza riba, yaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na yafundisha kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Kisha yaamuru deni liandikwe mbele ya mashahidi. Huruma na maandishi vimewekwa pamoja. Mdai akishika la kwanza, na mnunuzi akashika la pili, familia moja itaondokewa na mzigo, na nyingine italala katika nyumba isiyogombewa na mtu.