Je, Wajua? Mitandao Isiyoingiwa Bila Mwaliko

Habari za mtandao mpya hufika hata Kibabi, kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, na mara nyingine huja na sharti: bila kode ya mwaliko, huingii. Nani aliweka mlango huo, na kwa nini?

Je, wajua kwamba mwaliko wa Gmail ulitokana na uhaba wa mashine?
Google ilipoitangaza Gmail tarehe 1 Aprili 2004, wengi walidhani ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Nani angetoa gigabaiti 1 bure wakati Hotmail ilitoa megabaiti 2 tu? Haukuwa mzaha, ila huduma yenyewe ilikuwa ikiendeshwa na kompyuta kuukuu kama 300, ambazo hakuna mwingine katika kampuni aliyezitaka. Umati ungezielemea. Basi wakaanza na watu kama 1,000, na hao wakapewa mialiko michache ya kuwagawia wenzao. Kilichokuwa kichache kikatamaniwa, na mialiko iliyotolewa bure ikaanza kuuzwa kwenye mnada wa eBay. Mlango ulifunguliwa kwa wote Februari 2007.

Je, wajua kwamba Facebook nayo ilianza kwa kuchagua watu?
Februari 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Harvard peke yao, na anwani ya barua pepe ya chuo ndiyo iliyokuwa tiketi. Ilichukua zaidi ya miaka miwili, hadi Septemba 2006, kumruhusu yeyote mwenye miaka 13 na kuendelea.

Je, wajua kwamba mwaliko peke yake haukutosha kuingia Clubhouse?
Mtandao huo wa mazungumzo ya sauti ulianza mwaka 2020, na kila mwanachama mpya alipewa mialiko miwili. Lakini ulifanya kazi kwenye iPhone tu. Mwenye simu ya Android, yaani watu wengi wa Afrika, angeweza kualikwa na bado akabaki nje. Programu ya Android ilikuja Mei 2021, na mialiko ikaondolewa Julai mwaka huohuo.

Je, wajua kwamba huko Oman serikali ndiyo iliyofunga mlango?
Machi 2021, wakati Clubhouse ingali ya mwaliko, mamlaka ya mawasiliano ya Oman iliizuia ikisema haina kibali. Wazungumzaji wa Kiswahili wa Muscat waliokwisha kualikwa walikuta mwaliko wao haufui dafu mbele ya serikali.

Je, wajua kwamba kuna mtandao ambamo mwalikaji anaweza kuadhibiwa?
Lobsters, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa ajili ya waandishi wa programu, huonyesha hadharani nani alimleta nani. Ukimleta mharibifu, wasimamizi wanaweza kukutoa pamoja naye. Wanachama wa likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, hawatashangaa: humleti mtu kwenye fedha za wenzako halafu ukasema humjui.

Je, wajua kwamba mlango mwembamba huchelewesha, lakini si lazima uue?
Bluesky ilifungua majaribio ya mwaliko Februari 2023. Ilipoondoa mialiko Februari 2024 ilikuwa na watu wapatao milioni 3. Threads, iliyozaliwa Julai 2023 bila mwaliko huku ikiegemea Instagram, ilipata milioni 100 kwa siku tano. Bluesky iliendelea kukua hata hivyo. Orkut na Google+, zote mbili za Google na zote mbili zilizoanza kwa mialiko, zilifungwa mwaka 2014 na 2019. Mwaliko huvuta watu mlangoni. Kuwafanya wakae ni kazi nyingine.

Je, wajua kwamba siku hizi mlango wa kwanza ni orodha ya nchi?
Tarehe 30 Septemba 2025 OpenAI ilizindua Sora, programu ya kutengeneza na kushirikishana video. Ilihitaji kode, na ilianzia Marekani na Kanada tu. Wakati huohuo, simu nyingi hutumia vipuri vidogo vya tantalumu, madini yanayotoka kwenye koltani. Inakadiriwa kwamba Rubaya, hapohapo Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Mchimbaji wa Rubaya hata angepewa kode na rafiki wa Montréal, nchi yake haikuwemo kwenye orodha.

Je, wajua kwamba kode inayouzwa inaweza kuwa mtego?
Mialiko ya Gmail, ya Clubhouse na ya Bluesky iligawiwa bure na kampuni zenyewe. Waliotoza ni wachuuzi. Anayekutaka umtumie pesa kwa simu kwanza ndipo akupe kode anaweza kuchukua pesa na kutoweka. Anayedai neno lako la siri anatafuta akaunti yako.

Je, wajua kwamba huenda nawe ni bawabu?
Kila kundi la WhatsApp linaweza kuwa na kiungo cha mwaliko, na kiungo hicho kinaweza kusambazwa na yeyote aliyekipata. Msimamizi anaweza kukifuta na kuweka kipya, au kuamuru kwamba kila anayetaka kuingia aidhinishwe kwanza. Kwa kundi la familia, la kanisa au la ushirika wa wakulima, kazi hiyo haimalizi hata dakika moja, na haihitaji idhini ya kampuni yoyote.