Betri Imekufa, Ufunguo Unasingiziwa

Gari lililoegeshwa Muze, mkoani Rukwa, wiki kadhaa za mvua linakataa kuwaka. Betri ya kuazima inatafutwa, nyaya zinaunganishwa, taa za dashibodi zinarudi, injini inazungushwa na stata lakini haishiki. Pembeni ya dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na ufunguo inamweka bila kukoma. Hapo hakosekani mtu wa kutangaza kwamba gari "limesahau ufunguo", na mwingine wa kushauri aitwe fundi wa kuprogramu kutoka Sumbawanga, au hata Mbeya. Kabla pesa haijatoka mfukoni, mwenye gari ajue jambo moja: mara nyingi gari hilo halijasahau chochote. Halijapata umeme wa kutosha.

Ufunguo na swichi huzungumza vipi?

Imobilaiza ni kifaa kinachozuia injini kuwaka mpaka ufunguo halali utambuliwe. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri, na kuizunguka swichi kuna koili ya waya mwembamba. Swichi ikifunguliwa, koili hutoa mawimbi, kwa kawaida ya kilohezi 125 au 134, ambayo huipa chipu umeme wa kuiamsha. Chipu hujibu kwa namba zake za siri. Jibu likikubaliwa, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, huruhusu nozeli kupuliza mafuta na plagi kutoa cheche. Likikataliwa, magari mengi huendelea kupiga stata bila injini kushika, au injini hushika sekunde moja au mbili kisha ikazima. Yapo pia magari ambayo hata stata haitajibu.

Nchi za Ulaya zililazimisha kifaa hiki kwenye magari madogo mapya mwaka 1998, na Australia ikafuata mwaka 2001. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochambua takwimu za Uholanzi, walikuta kimepunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Kwetu, magari mengi ya Kijapani yaliyoundwa miaka ya 1990, na zile Suzuki Carry tunazoziita kirikuu, hayana kitu hicho kabisa. Yaliyokuja baadaye, hasa yanayowashwa kwa kitufe, mengi yanacho. Ndiyo sababu dawa iliyoliwasha gari la jirani inaweza isifae kitu kwenye gari lako, hata kama kwa nje yanafanana.

Namba za siri za ufunguo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya aina isiyohitaji umeme ili kudumu. Betri inaweza kutolewa mwezi mzima na namba zikabaki zilivyo. Saa ya dashibodi itapotea, stesheni za redio zitapotea, na injini inaweza kunguruma ovyo dakika chache za mwanzo kwa sababu kontroli boksi inajifunza upya kiasi cha hewa. Ufunguo hautapotea.

Mbona basi taa inamweka?

Betri ya gari iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma takriban volti 12.6. Kwenye 12.2 imebaki nusu. Ikishuka hadi 11.9 hivi, ihesabu kuwa tupu, ingawa redio bado itaimba na taa zitawaka. Stata inapopigwa huvuta umeme mwingi mno kwa mara moja, na volti huporomoka. Betri nzima hubaki juu ya 9.6 wakati huo. Dhaifu hushuka hadi 8 au 7. Katika kiwango hicho stata inaweza bado kujikokota, lakini kisanduku cha imobilaiza na kontroli boksi hujizima na kujiwasha katikati ya mazungumzo yao na ufunguo. Jibu halifiki, na gari linamchukulia mwenye mali kama mwizi.

Kwa nini betri iishe kwa kuegeshwa tu? Kwa sababu gari lililozimwa halilali kabisa. Alamu, saa, kipokezi cha rimoti na kumbukumbu za redio huendelea kunywa umeme. Gari likivuta miliampia 50, kwa siku ni ampia-saa 1.2, na kwa siku 30 ni 36. Betri nyingi za magari madogo zina ampia-saa 35 hadi 45. Mwezi mmoja wa kusubiri tope likauke unatosha kuimaliza, na ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa vibaya, wiki mbili zinatosha.

Bonde na uwanda

Mazingira ya Rukwa yana hila yake. Muze iko bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, karibu na usawa wa Ziwa Rukwa ambao ni kama mita 800 juu ya bahari. Sumbawanga iko juu kwenye uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800. Joto la bondeni huharakisha kemia ndani ya betri: sahani za risasi huliwa, maji hukauka, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wa betri karibu nusu. Hata hivyo joto hilohilo huifanya betri mbovu ionekane nzima, kwa sababu injini yenye joto haihitaji nguvu nyingi kuzungushwa. Gari likipanda kupitia Ntendo na kulala Sumbawanga usiku wa Juni au Julai, mafuta ya injini yanakuwa mazito, betri inapungukiwa nguvu, na asubuhi taa nyekundu inamweka. Dereva husema gari limeharibikia Sumbawanga. Betri ilikufa kwa joto la bondeni. Baridi ya juu imetangaza msiba tu.

Hatua za kufuata

Kwanza, tazama taa kabla ya kupiga stata. Gari likiwa limezimwa na kufungwa, taa ya imobilaiza kumweka ni kawaida. Ni onyo kwa wezi. Kinachohesabika ni tabia yake swichi ikifunguliwa. Kwenye Toyota nyingi, ikizimika ndani ya sekunde chache, ufunguo umetambuliwa na tatizo liko kwingine: pampu ya mafuta, fyuzi, au mafuta yenyewe. Ikiendelea kumweka, ufunguo haujasomwa.

Pili, pima volti. Multimita haihitaji safari ya mjini. Fundi simu na fundi sola wa kijijini wanazo, na kupima kunachukua dakika moja. Chini ya 12.2, usiguse kitu kingine kabla ya kuchaji.

Tatu, legeza tamino za betri na uzisafishe kwa msasa mpaka chuma king'ae. Ule unga mweupe au wa kijani huzuia umeme mwingi kuliko watu wanavyodhani. Fuata pia waya mweusi hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini.

Nne, ukibusti, tumia gari la volti 12 tu. Hapa ndipo hatari kubwa ya bondeni ilipo, kwa kuwa chombo cha kwanza kupita huenda kikawa Fuso lililojaa mpunga. Fuso na malori makubwa mengi, pamoja na Coaster nyingi, hutumia volti 24 kutoka betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Ukiziunganisha moja kwa moja na Vitz yako, unaweza kuunguza kontroli boksi na kisanduku cha imobilaiza kwa mpigo mmoja, na safari hiyo hitilafu itakuwa ya kweli. Kama hakuna chombo kingine, mwombe dereva alizime lori, afungue betri moja kabisa na kuiweka chini; peke yake ni ya volti 12. Betri ya sola ya volti 12 ya nyumbani nayo inaweza kuokoa jahazi.

Mpangilio wa nyaya ni huu: mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri. Sigara iwe mbali, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Usipige stata papo hapo. Kama betri ya kuazima iko kwenye gari, liache gari hilo likinguruma dakika tano hadi kumi. Haraka ya kuwasha hapohapo ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba kubusti kumeshindikana.

Tano, jaribu ufunguo peke yake. Utoe kwenye kicha cha funguo nyingine, hasa zenye chipu zao, kwa sababu chipu mbili zilizo karibu na koili moja huvurugana. Ujaribu pia ufunguo wa akiba. Huo ukiwasha gari, tatizo ni ufunguo wa kwanza, si gari.

Kwa magari ya kitufe, zipo betri mbili za kufikiria: ya gari na ya rimoti. Rimoti ina betri yake ya volti 3, bapa kama sarafu. Hiyo ikiisha, toa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ufungue mlango, kanyaga breki, gusisha upande wa rimoti wenye nembo kwenye kitufe, kisha bonyeza. Toyota nyingi huwaka kwa njia hiyo, kwani chipu ya ndani haitegemei betri ya rimoti.

Na msaada wa kusukuma? Gari la otomatiki halisukumiki likawaka. La gia za mkono lenye imobilaiza, kama betri imekufa kabisa, nalo halitawaka hata kijiji kizima kikisukuma: pampu, nozeli na kisanduku cha ufunguo vyote vinahitaji umeme kabla injini haijazunguka.

Alamu ya kubandika

Magari mengi yana alamu iliyofungwa baada ya kununuliwa, yenye rilei inayokata waya wa stata au wa pampu. Alamu za aina hiyo, umeme ukikatika na kurudi, nyingi huamka zikiwa zimejifunga. Fungua mlango wa dereva kwa ufunguo, kisha bonyeza rimoti ya alamu, au tafuta kitufe cha siri ambacho mfungaji alikificha chini ya dashibodi. Ukinunua gari, muulize muuzaji kitufe hicho kiko wapi.

Ni lini imobilaiza ina kosa kweli?

Baada ya betri kujaa, tamino kusafishwa na funguo zote mbili kujaribiwa, ndipo kompyuta ya kupimia inapofaa. Kodi ya hitilafu P0562 maana yake volti ziko chini, kwa hiyo rudi kwenye betri. P0513 husema ufunguo si sahihi, na B2799 kwenye Toyota huelekeza kwenye mfumo wa imobilaiza wenyewe. Kodi zilizorundikana wakati betri imekufa zifutwe kwanza, gari lijaribiwe, kisha lipimwe upya. Na asikubaliwe mtu kuprogramu ufunguo huku betri ikiwa dhaifu: volti zikianguka katikati ya kuandika, kontroli boksi inaweza kuharibika kabisa. Kubadili kontroli boksi kutoka gari lingine si njia ya mkato, kwa kuwa nayo inazijua funguo za gari ilikotoka.

Gari likishawaka, lisizimwe njiani. Kupanda mlima hakutoshi kujaza betri iliyokauka. Ipelekwe ikachajiwe taratibu, kisha ipimwe. Injini ikiwa inanguruma, multimita isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Pungufu ya hapo, alteneta ndiyo ya kuulizwa. Gari litakaloegeshwa muda mrefu, fungua waya wa hasi, ufunguo ukiwa mkononi na si ndani ya gari.

Kwa hiyo, fundi akikuambia gari limesahau ufunguo, mwombe akuonyeshe volti za betri kabla hajakuonyesha bei. Akikataa kupima, asiruhusiwe kukata hata waya mmoja.